Reli ya Chumba cha Wageni

Wasifu wa mume, baba na babu yetu mpendwa, aliyejulikana kwa wengi kama Mzee Dakika
9 Februari 1944 – 7 Novemba 2021

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutusindikiza: marehemu alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Februari 1944, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa seremala wa milango na madirisha, na mama yake alikuwa mkunga. Nyumba yao ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka njia ya reli. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku ile treni ya alfajiri ilichelewa kupita, mtoto akaitangulia. Kila aliposikia hadithi hiyo marehemu alikunja uso, maana hakupenda treni ichelewe, hata hiyo ya siku aliyozaliwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, katika shule ya madarasa manne iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Hesabu aliipenda, kuimba kulimshinda kabisa. Alasiri alikuwa karakanani kwa baba yake, na huko ndiko alikojifunza kupiga randa na kuunga mbao mbili hadi ukipitisha ukucha usikute pengo. Aliendelea na masomo ya sekondari kwa miaka miwili, akayaacha baba yake alipougua, akamaliza yeye milango iliyokuwa imebaki karakanani. Januari 1962 alikubaliwa katika chuo cha reli, akahitimu katikati ya mwaka 1963 akiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza, alisema, alikuwa na mwandiko mzuri zaidi.

Tarehe 1 Juni 1963 aliajiriwa kama msaidizi wa stesheni. Alifagia, akapima mizigo, akapiga kengele. Mwaka 1968 akakabidhiwa kibanda cha ishara, na humo akakaa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mlikiona kile kibanda: ghorofa moja juu, madirisha pande tatu, simu mbili, saa ya ukutani, na leva kumi na nane zilizopangwa mstari mmoja kama askari. Leva nyekundu zilipandisha na kushusha ishara: ikishuka treni ipite, ikipanda isimame. Leva nyeusi zilihamisha pointi, yaani pale reli inapogawanyika na treni kuchagua njia. Alizishika kwa kitambaa, jasho la mkono lisije likazitia kutu. Wafanyakazi wenzake ndio waliomwita Mzee Dakika, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na sita, kwa sababu ukimuuliza saa hakukuambia "saa nne hivi." Alikuambia saa nne na dakika tatu.

Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1971, alifunga ndoa na mkewe, mshonaji wa nguo, ambaye tunaye hapa leo. Bwana harusi alifika ukweni saa moja na dakika kumi kabla ya wakati uliopangwa. Alikuta watu bado wanafagia uwanja. Mama mkwe hakuwa na la kufanya, akampa ufagio. Picha moja ya siku hiyo ipo mpaka leo: bwana harusi kavaa suti, kakunja mikono ya shati, anafagia. Walijaliwa watoto watatu: binti mwaka 1972, mwana mwaka 1975, na binti mwingine mwaka 1979. Huyo wa mwisho, muuguzi, ndiye anayewasomea wasifu huu.

Nyumbani tulidhani baba anapenda sana treni. Honi ikilia kutoka mbali alinyamaza, akafumba macho, akasikiliza hadi treni ipite yote na kupotea. Ndipo aliposhusha pumzi na kuendelea na mazungumzo. Sisi watoto tuliona ni mapenzi. Baadaye sana ndipo tulipojua kuwa ilikuwa hofu. Kila treni kwake ilikuwa watu mia tatu waliokuwa wakisinzia, wakila karanga na kubembeleza watoto, bila kujua kwamba usalama wao uko mkononi mwa mtu mmoja aliyeshika kitambaa.

Marehemu aliagiza kwamba jambo linalofuata lisomwe leo, na lisomwe lote. Alisema, "Msinipambe. Semeni ile ya Oktoba."

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1980, treni ya abiria ya alasiri ilikuwa ikitegemewa saa kumi na dakika ishirini, iingie njia ya kwanza. Njia ya pili ilikuwa na mabehewa kumi na mawili ya saruji, ambayo marehemu mwenyewe aliyaingiza humo saa sita mchana. Simu ikalia. Akajibu huku mkono mmoja ukivuta leva, kama alivyofanya maelfu ya mara. Akashusha ishara ya kuruhusu treni iingie. Alipoweka simu chini na kutazama dirishani, aliona pointi zimelalia upande wa njia ya pili, na treni imekwisha kutokeza kwenye kona.

Akairudisha ishara kwenye hatari kwa mikono yote miwili. Alijua kwamba amechelewa. Kwa mwendo wa kawaida treni ile ilihitaji zaidi ya mita mia nne kusimama, na mbele yake kulikuwa na mia mbili na kidogo. Akafumba macho. Alipoyafumbua, treni ilikuwa imesimama. Ilikuwa imebakiza hatua arobaini na mbili kufika penye pointi. Alizihesabu kesho yake kwa miguu yake mwenyewe. Akahamisha pointi, akafungua njia ya kwanza, treni ikaingia stesheni ikiwa imechelewa dakika sita.

Mkuu wa stesheni alipanda ngazi za kibanda akihema. "Kuna nini? Mbona umeisimamisha treni?"

Marehemu akajibu, "Pointi zilikuwa hazijakaa sawa."

Kila neno hapo lilikuwa la kweli, lakini kwa pamoja yalikuwa uongo. Mkuu wa stesheni alielewa kwamba mitambo ilikuwa na hitilafu. Mafundi wakaja, wakapaka grisi mahali ambapo hapakuwa na ubovu wowote. Mwezi uliofuata ikaja barua ya pongezi kutoka makao makuu, yenye muhuri, ikimsifu kwa kuwa macho na kuokoa maisha ya abiria. Mkewe aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Haikumaliza siku tatu. Marehemu aliishusha, akasema msumari utapasua ukuta, akaifungia kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama aliudhika kidogo, akadhani mumewe ana aibu ya kusifiwa. Mtu mnyenyekevu, akasema. Kumbe kila sifa ilikuwa ikimchoma.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuelewa treni ilisimamaje. Alipiga hesabu ile kwa penseli, kwa kichwa, na kwa vidole juu ya shuka. Kila mara ilitoka vilevile: treni ilipaswa kugonga. Mtu aliyesifiwa kwa kuokoa watu alijua ndani yake kwamba aliwaponza, na kwamba waliookoka hawakuokolewa na yeye.

Alistaafu tarehe 28 Februari 1999. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Alizunguka nyumba kwa ratiba ya treni, akasimama dirishani saa nne kasoro, akasimama tena saa saba na nusu. Mama akamwambia, "Mume wangu, treni zina mwenyewe sasa. Keti."

Mwezi Mei mwaka huo alitumwa dukani kununua mpira wa bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Njiani akapita kwenye duka la vyombo vilivyotumika, akaona dirishani treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja cha kijani kilichochunika rangi, mabehewa mawili, na vipande vya reli vya kutosha kufanya duara. Mpira wa bomba alisahau papo hapo. Aliporudi alitandika duara lile juu ya meza ya kulia chakula, akachomeka waya, treni ikaanza kuzunguka kati ya sahani na kikopo cha chumvi.

Mama akatoka jikoni. "Mpira wa bomba uko wapi?"

"Subiri kidogo," akajibu bila kuinua macho, "inaingia stesheni."

Mama anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu waoane, kwa mumewe kumwambia asubiri. Bomba lilivuja wiki mbili zaidi.

Kutoka hapo mambo yalishika kasi. Aliomba chumba cha wageni. Mama akauliza, "Na wageni wakija watalala wapi? Juu ya daraja?" Wakavutana siku nne, kisha wakaafikiana: meza itafungwa ukutani kwa bawaba za mlango, ili mgeni akifika ikunjwe, na kitanda kipate nafasi. Mtoto wa seremala wa milango hakushindwa na bawaba. Meza ilikuwa na urefu wa mita tatu, na ukiikunja hakuna hata nyumba moja iliyoanguka, maana kila kitu kilishikwa kwa gundi na skrubu.

Ndugu zangu, hatukuwahi kumwona baba akifurahi namna ile. Reli za kununua zilipomwishia, alijitengenezea mwenyewe. Mataruma ya chini ya reli yalikuwa njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, elfu nne mia sita na kumi. Kwa miezi mitano kiberiti hakikukaa jikoni. Vilima vilikuwa magazeti yaliyoloweshwa gundi. Changarawe ilikuwa mchanga aliouchuja kwa chujio la chai, na chujio hilo halikurudi kwenye chai. Miti ilikuwa sponji za kuogea zilizochanwa vipande na kuchemshwa na rangi ya kijani katika sufuria nzuri ya mama. Kuhusu sufuria hiyo familia iliamua zamani kutozungumza.

Alijenga stesheni ile ile aliyofanyia kazi, na kibanda chake chenye madirisha pande tatu. Ndani ya kibanda aliweka leva kumi na nane, kila moja kichwa cha pini, nyekundu na nyeusi. Alikuwa akiishika brashi yenye unywele mmoja, amebana pumzi, ulimi nje kidogo, na ukimsemesha wakati huo hukupata jibu. Mama alipoona mchezo hauishi, akajiunga. Alishona abiria kwa mabaki ya vitambaa, kila mmoja mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye gauni la njano na kikapu, ambaye baba alimweka mwishoni kabisa mwa jukwaa, mbali na milango ya treni. Binti yake mkubwa alikuja siku moja akaona treni imesimama tu, haiondoki.

"Baba, imeharibika?"

"Haijaharibika. Namsubiri huyo mama wa njano amalize kuaga."

Huyo alikuwa Mzee Dakika, mtu ambaye miaka thelathini na mmoja hakumsubiri mtu.

Septemba 1999, alasiri, akiwa amekwisha kununua kichwa cha pili, treni mbili ziligongana mezani kwa mara ya kwanza. Mama alisikia kishindo, akakimbilia chumbani. Alimkuta mumewe kakaa kitini, rangi imemtoka, anatazama behewa lililolala ubavu. Akamshika bega. Baba akasema, "Hakuna aliyekufa." Akasema tena. Mara ya tatu akaanza kucheka, akacheka hadi akalia, akaliinua behewa kwa vidole viwili na kulirudisha relini. Mama hakuelewa, ila alifurahi kumwona akicheka. Tangu siku hiyo alikuwa akizigonganisha makusudi mara mojamoja, akiona hakuna anayemtazama.

Jambo moja tu lilitushangaza. Katika stesheni ile ndogo, njia ya pili haikutumika kamwe. Aliweka humo mabehewa kumi na mawili ya mizigo, akayagandisha kwa gundi. Tulipouliza, alisema yanapendeza hapo.

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2006, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mzee mmoja mrefu alibisha hodi. Alikuwa dereva wa treni mstaafu aliyehamia mtaa wa pili kukaa na binti yake. Fundi viatu wa pale kona alimwambia kuna mtu ana reli ndani ya nyumba, naye akaja kujionea. Mama akampokea, akaenda kuandaa chai. Dereva akazunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hapa ni kwetu," akasema. "Tanki la maji hili hapa. Kibanda hiki hapa. Na ishara hii ndiyo uliyonipigia usoni mwaka themanini."

Baba akaweka bisibisi chini. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiendesha?"

"Mimi. Na nimekukwepa tangu siku ile. Nikipita kibanda chako nilikuwa nageuza uso upande wa pili."

"Unikwepe wewe! Kwa lipi?"

Hakungoja jibu. Baba alimsogezea kiti, akabaki amesimama yeye. Mama alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai, akasikia yote.

"Bwana dereva," baba akasema, "siku ile pointi zilikuwa nzima. Mkono wangu ndio uliokosea. Nilikufungulia njia ya pili, na njia ya pili ilikuwa na mabehewa ya saruji. Haya hapa. Nilipewa barua ya kusifiwa, na nilikaribia kukuua, wewe na watu wote uliowabeba."

Dereva aliyatazama mabehewa yale yaliyogandishwa, akatazama ishara, akapima kwa macho umbali ulio kati ya hivyo viwili. Mama anasema aliogopa kwamba mgeni atasimama na kuondoka, au atasema neno ambalo baba hataliweza.

"Na mimi," dereva akasema mwishowe, "miaka yote hii nimedhani ulinisimamisha kwa sababu ya kofia."

"Kofia gani?"

"Kofia yangu ya kazi. Mpya, nimepewa wiki ile. Upepo uliichukua pale kwenye kalvati, kabla ya kona. Nikapunguza mwendo nione inaangukia wapi, ili nikirudi niiokote. Nilikuwa nimetoa kichwa na mabega nje ya dirisha, natazama nyuma. Natazama nyuma, bwana, na abiria mia tatu! Msaidizi wangu akapiga kelele, kugeuka naona ishara imepanda. Nikasema basi, yule wa kibandani ameniona. Kesho naitwa, nafukuzwa. Sikuitwa. Nikasema amenihifadhi. Nikashindwa hata kuja kukushukuru, kwa aibu."

Baba hakusikia kuhusu shukrani. Alikuwa amebaki kwenye neno moja. "Ulipunguza mwendo. Ulikuwa ukienda mwendo gani?"

"Mwendo wa baiskeli. Baiskeli yenye haraka kidogo."

Baba akakaa. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?" mama akauliza kutoka mlangoni.

Baba alisimama. Aliwasha umeme, akampa dereva kidhibiti cha mwendo, akahamisha pointi kuelekea njia ya pili, kama alivyofanya siku ile. "Njoo kwa mwendo wa kawaida," akasema. Dereva akaja. Ishara ikapanda, dereva akakata umeme, kichwa cha kijani kikateleza hadi kwenye mabehewa ya saruji, kikaanguka kifudifudi. Wakarudia, kikaanguka tena. Mara ya tatu vilevile.

"Sasa njoo na kofia."

Treni ikatokeza kwenye kona polepole. Ishara ikapanda. Dereva akakata umeme, na kichwa cha kijani kikasimama kabla ya pointi, kimebakiza upana wa vidole viwili.

Wazee wale wawili walitazamana. Aliyeanza kucheka ni dereva. Walicheka hadi wakashikana mabega, machozi yanawatoka, na kila mmoja akijaribu kusema "kofia" anashindwa kulimaliza neno. Mama aliweka sinia juu ya kilima, chai ikamwagika bondeni. Wala hakujali.

"Miaka thelathini na mitano nalala nawe kitanda kimoja," akasema, "na hili hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenibebea."

"Ningekubebea, ndiyo. Kwani kazi yangu nini?"

Baba alisema siku hiyo alikula chakula cha mchana akasikia ladha yake.

Wiki hiyo alichukua kisu chembamba, akayabandua mabehewa ya njia ya pili moja baada ya jingine, akakwangua gundi. Kisha akaitoa ile barua ya pongezi kwenye sanduku, akaandika nyingine ya kurasa tatu akieleza yote, akazitia katika bahasha moja na kuzipeleka makao makuu. Mama aliuliza, "Na wakija kukukamata?" Akasema, "Wakija, nitawaonyesha treni." Jibu lilikuja baada ya miezi minne, mistari miwili: faili la mwaka huo halikuonekana, na ofisi inamtakia ustaafu mwema. Aliisoma kwa sauti, akasema kwamba angalau wameandika tarehe sahihi.

Jumapili iliyofuata ziara ya dereva, alituita watoto wote watatu. Tulikuja roho juu. Binti mkubwa alijua ni ugonjwa. Mimi nilikuja na kipimo cha presha kwenye mkoba. Kaka yetu, ambaye ameniruhusu niseme hili, alikuwa amejiandaa kukaribisha ndugu wa nje ambaye hatukuwa tukimjua. Baba alisimama, akaeleza habari ya Oktoba tangu simu ilipolia. Alipomaliza, akasema yuko tayari kusikia lolote tutakalosema. Kaka akauliza, "Ni hilo tu?" Baba akasema ni hilo tu. Tukashusha pumzi kwa pamoja, naye akatushangaa kwa nini tunatabasamu.

Miaka kumi na mitano iliyobaki ilikuwa ya furaha tupu, na marehemu alitaka hilo pia liandikwe. Kila Jumamosi, kuanzia saa nne kamili, yeye na dereva waliendesha ratiba nzima: treni kumi na nne, za abiria na za mizigo, njia zote mbili. Majirani waliingia na kutoka. Wazee hao wawili waligombana juu ya kila kitu: honi ipigwe mara ngapi kabla ya daraja, kama mlima ni mkali mno kwa kichwa kimoja, nani aliacha umeme unawaka. Mara mbili walinuniana hadi Jumatano. Waliongeza handaki, tawi la kwenda machimboni, na taa za barabarani zilizowaka kweli. Na honi ya treni halisi ilipolia kutoka mbali, baba hakufumba macho tena. Aliendelea kuongea.

Machi 2019 madaktari walimgundua kuwa na moyo uliopanuka. Pumzi ikawa fupi, ngazi zikamshinda, miguu ikavimba. Alilazwa mara tatu. Mwaka huu aliposhindwa kukaa kitini kwa muda mrefu, tulihamishia kitanda chake chumba cha wageni na kuishusha meza hadi ikapita juu ya miguu yake. Mama akasema hatimaye chumba kimepata mgeni wa kudumu. Akiwa ameegemea mito miwili, aliendesha treni kwa kidole kimoja.

Wasifu huu tuliuandika pamoja mwezi wa Septemba. Mimi nikisoma, yeye akisahihisha. Nilipoandika kwamba alikuwa shujaa, akasema, "Hapo umenipamba. Toa." Nilipoandika kwamba alikuwa mwoga, akafikiri kidogo, akasema, "Hapo nako umezidisha." Tulipofika mwisho alinionyesha nafasi tupu na kusema, "Tarehe hii mtajaza wenyewe."

Tarehe 28 Oktoba alilazwa tena, akakaa hospitalini siku tisa. Jumamosi, tarehe 6 Novemba, aliomba arudishwe nyumbani, na daktari akakubali. Dereva alikuja jioni, akakaa naye saa nzima, wakazungumza kuhusu handaki. Jumapili, tarehe 7 Novemba 2021, asubuhi, mama alimnywesha maji vijiko viwili, akamfuta mdomo, akafungua pazia. Baba akasema, "Leo sina maumivu." Akalala. Saa mbili na dakika kumi na saba mama aliona kifua kimetulia. Marehemu hakuhangaika wala hakuogopa. Kwa muuguzi aliyeona vifo vingi, na kwa binti aliyekuwa akikiogopa hiki kimoja, huo ulikuwa mwisho ambao angemwombea.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na dada mmoja. Ameacha pia rafiki yake dereva, aliyeomba jina lake liwekwe upande wa familia, na familia imekubali bila mjadala. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na ninyi nyote mliofika.

Baba yetu alianza kupumzika angali hai. Na aendelee kupumzika, kwa amani ile ile.